Ulaya Ipi?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka tuzungumze juu ya picha za vita. Sisemi picha za sinema, la hasha. Nasema zile picha za kale zilizopauka, zinazolala sandukuni pamoja na hati za shamba na risiti za kodi ya kichwa. Zimo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Mzee akifariki, sanduku linafunguliwa, picha zinapita mkono kwa mkono, na kila mtu anasema lake. Huyu anasema hiyo ni manowari, yule anasema ni meli ya abiria. Huyu anaona kifaru, yule anaona trekta. Mwishowe mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda, na kuanzia siku hiyo neno lake linakuwa historia ya ukoo.

Mimi nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kuletewa picha hizo. Sikuitafuta kazi hii. Ilinifuata yenyewe, na nimeipenda. Lakini yaliyonikuta hivi karibuni Mikumi na Kilosa yamenifundisha jambo ambalo sikulifundisha darasani, na ndilo nililokuja nalo leo.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana biashara zake Dar es Salaam, alinipigia simu usiku mmoja akiwa na furaha kubwa.

"Mwalimu, shikamoo. Tumegundua jambo. Babu yetu alipigana Ulaya. Tena alikuwamo katika vita vya kwanza kabisa vya vifaru duniani!"

Nikamwambia atulie, anieleze polepole. Akaeleza. Nyumbani kwa bibi yake, Mikumi, walikuwa wamekuta picha ya baba yake bibi. Katika picha kulikuwa na chombo kikubwa cha kijeshi, na nyuma ya picha mtu alikuwa ameandika kwa penseli jina la mahali na tarehe: Ulaya, mwezi wa tisa, 1916. Kijana akaingia katika simu yake, akatafuta, akakuta kwamba vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza duniani tarehe 15 Septemba 1916, huko Ufaransa. Mahali Ulaya, mwezi Septemba, mwaka ule ule, na chombo cha vita pichani. Angetaka ushahidi gani zaidi?

Tayari walikuwa wamekwisha kuagiza jiwe la kaburi kwa fundi mmoja wa Kilosa. Juu yake paandikwe jina la mzee, kisha neno ASKARI, kisha maneno kwamba alipigana Ulaya mwaka 1916. Ukoo mzima ulikuwa ukutane Jumamosi. Mimi niliombwa nizungumze kaburini, kwa kuwa ni mwalimu wa historia na maneno yangu yangekuwa na uzito.

Ndugu msikilizaji, uzito huo ndio ulionitia hofu. Nikapanda basi siku mbili kabla ya wakati.

Mikumi unaifahamu, kama si kwa kulala basi kwa kupita. Barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, tembo na twiga wanakutazama kutoka kando ya njia, kisha unaingia mjini penye hoteli, malori na wauza vitunguu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na jina la Mikumi ni la ile miti mirefu ya jamii ya mnazi iliyosimama pale tangu zamani. Nyumba ya yule bibi ilikuwa nyuma kidogo ya barabara. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaniitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu ndani." Yeye ana umri wa miaka tisini hivi, macho yamepungua nuru, lakini akili yake ni nzima kuliko yangu. Vijana wakaleta picha.

Kabla sijakuambia nilichokiona, nieleze kwanza namna ya kuitazama picha ya vita. Makosa mengi hutokea kwa sababu tunaanza na jina, halafu tunalazimisha macho yalifuate. Inapasa macho yatangulie na jina lije mwisho.

Tuanze na meli. Katika meli, hesabu kwanza dohani, yaani mabomba ya moshi. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus. Picha za meli hizo mbili huchanganywa mara nyingi, kwa sababu zote zilikwisha kwa kuzama katika maji yetu. Lakini Königsberg ilikuwa na dohani tatu, Pegasus mbili. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuamua kesi hiyo. Baadaye Königsberg ikajificha katika mikono ya Mto Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 ikateketezwa. Walioiteketeza walikuwa meli mbili, Severn na Mersey, zilizokuwa bapa kama sinia, na hapo awali zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili. Ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizowaonyesha wapiga mizinga mahali risasi zao zilipoangukia. Kwa hiyo ukiona katika picha ya Rufiji meli fupi, iliyolala chini karibu sawa na maji, yenye mizinga mikubwa kuliko umbo lake, hiyo si Königsberg hata kama mwenye picha ataapa.

Tena angalia kilichopo juu ya sitaha, kwa maana chombo hubadilika umri. Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika ni mfano mzuri. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapo makasha yakapakiwa katika reli ya kati kwenda Kigoma. Maana yake meli hiyo nzima ilipita Kilosa juu ya mabehewa! Iliteremshwa ziwani Februari 1915 na ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sasa ukiletewa picha yake yenye mzinga mkubwa mbele, unajua kwamba ni ya 1915 au 1916, kwa sababu baada ya hapo ilibeba abiria na dagaa. Hata hapo kuna mtego. Historia ya meli hiyo inasema mzinga wake, uliotoka katika ile Königsberg, uliondolewa kabla ya mwisho, pakawekwa wa mti ili kumtisha adui. Macho yanaweza kuona mzinga mahali palipo na gogo.

Ndege nazo zina alama zao. Kikosi cha 26 cha ndege cha Waingereza, kilichoundwa kwa watu wa Afrika Kusini, kilitumia katika vita hivyo aina mbili: BE2c na Henri Farman. Usihangaike na mabawa, kwa kuwa zote zina mabawa mawili, moja juu ya jingine. Tazama rafadha, lile pangaboi la ndege. Katika BE2c liko puani. Katika Henri Farman liko nyuma ya rubani, na mkia umeshikwa na vijiti kama fremu ya kitanda. Alama moja ukiijua vizuri inakufaa kuliko majina mia uliyoyakariri.

Na magari? Katika gari tazama kinachogusa ardhi. Vita vile vilikuwa na vioja vyake. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walibomoa madaraja ya reli ya kati na kuondoka na vichwa vya treni au kuviharibu. Waingereza walipoishika njia hawakuwa na treni ya kutosha, basi wakachukua magari ya mizigo, wakayavua matairi, wakayavisha magurudumu ya chuma ya reli. Mtu asiyejua akiona picha kama hiyo atasema ni gari lililopotea njia likapanda relini. Ndiyo maana nasema, miguu ya chombo haidanganyi. Chombo kinavikwa turubai, kinapakwa rangi, kinaandikwa jina jipya, lakini miguu inasema ukweli.

Basi turudi Mikumi, katika chumba cha yule bibi.

Niliiweka picha mezani karibu na dirisha. Katikati palikuwa na chombo kikubwa kilichofunikwa turubai, na nyuma yake kitu kirefu mfano wa bomba kimetokeza. Mzungu mwenye kofia ya jua ameweka mguu mmoja juu ya kidato. Pembeni, karibu na mahali picha inapokatika, wamesimama watu sita weusi. Wa pili kutoka kushoto ndiye mzee mwenyewe. Alikuwa amemwonyesha binti yake kwa kidole mara nyingi, hivyo hapo hapakuwa na shaka.

Nikatazama miguu. Palikuwa na magurudumu manne yenye njiti za mti, nene, yaliyovikwa mpira mgumu usiojazwa upepo. Nyuma ya magurudumu hayo yakaonekana mengine mawili, makubwa zaidi na membamba, na bomba lile lilitoka juu ya hayo mawili. Kumbe palikuwa na vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha mbele ni gari la mizigo. Cha nyuma ni mzinga unaokokotwa. Turubai la gari na turubai la mzinga yamekutana, na macho yenye hamu yakayashona yakawa kitu kimoja.

Vijana wakanyamaza. Nikaendelea, kwa sababu jambo likianzwa limalizwe. Nikawaeleza kwamba kifaru kile cha kwanza, cha Septemba 1916, hakikuwa na umbo kama la vifaru tunavyoviona leo. Mikanda yake ya chuma ilizunguka mwili mzima, kutoka chini hadi juu. Nyuma kilikuwa na magurudumu mawili ya kusaidia kugeuka, lakini uzito wake wote uko juu ya mikanda. Mizinga yake ilitoka ubavuni, na juu hakikuwa na kile chumba cha kuzunguka chenye mtutu mrefu. Hivyo hata kama tungekuwa tunaona mtutu juu ya chombo, hilo lingekuwa ushahidi wa kukataa, si wa kukubali. Zaidi ya hayo, katika vita vile hakuna kifaru hata kimoja kilichofika Afrika Mashariki. Yalikuja magari ya deraya, mathalani Rolls-Royce zilizovishwa mabati ya chuma, lakini hayo yanakwenda kwa matairi.

"Sawa, Mwalimu," akasema yule mwanafunzi wangu. "Kifaru tumekiacha. Lakini Ulaya je? Imeandikwa."

Nikageuza picha. Penseli ilikuwa imefifia lakini inasomeka. Haikuandikwa "Ulaya". Iliandikwa "Uleia", halafu 9, halafu 16. Herufi ni za mtu aliyezoea kuandika kwa haraka, nazo zimelala upande kama mwandiko wa makarani wa Kizungu. Nikawauliza swali moja tu: Mzungu anayeandika kwa lugha yake, akitaka kutaja bara alikozaliwa, kwa nini aliite kwa jina la Kiswahili? Angeliita kwa jina lake mwenyewe. Mtu huandika jina la wenyeji anapotaja mahali pa wenyeji, tena huliandika kwa kukosea, kama sikio lake lilivyolisikia.

Kabla sijamaliza, yule bibi akacheka. Hakuwa ameonyeshwa maandishi yale, maana hasomi, na hakuna aliyedhani kwamba ana la kuongeza.

"Ulaya?" akasema. "Mnahangaika na Ulaya ipi nyie? Si Ulaya yetu hii, ukitoka Kilosa kuja huku? Baba akisema 'nilipokuwa Ulaya', watoto wa shambani walikuwa wakimcheka. Naye anawaacha wacheke."

Ndugu msikilizaji, ukiwa mgeni wa wilaya ya Kilosa, huenda hujui kwamba wilaya hiyo ina Ulaya yake. Ipo katika njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na watu wake wanakwenda Ulaya na kurudi siku hiyo hiyo bila pasi. Sasa tazama tarehe zinavyokaa. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuwa yakiwasukuma Wajerumani kutoka kaskazini. Kikosi cha Jenerali van Deventer kilifika reli ya kati Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, kikapita Mpwapwa, na tarehe 22 Agosti kikaingia Kilosa. Kutoka Kilosa kikafuata njia ya kusini kupitia Ulaya, na Septemba kilikuwa Kidodi, karibu na Mto Ruaha Mkuu. Katika taarifa za Waingereza za siku hizo, kijiji chetu kimeandikwa "Uleia". Tahajia ile ile ya penseli.

Picha, jina na tarehe vyote vikakaa mahali pake. Lakini wale vijana hawakufurahi. Mimi nilikuwa nimewanyang'anya Ufaransa nikawapa njia ya vumbi wanayoijua tangu utotoni.

Na lilibaki jambo moja, gumu kuliko yote. Niliwaza nilinyamazie. Nikaona kwamba nikinyamaza, nami nitakuwa nimetia turubai langu juu ya picha.

Tulikuwa tumetazama gari na mzinga kwa muda wa saa nzima. Hatukuwa tumewatazama watu. Wale sita hawana viatu. Hawana bunduki wala mikanda ya risasi. Wamevaa vipande vya nguo kila mtu na chake, na miguuni pao kuna masanduku na magunia. Na yule wa pili kutoka kushoto kichwani ana kitu ambacho vijana walikidhania kofia ya kijeshi. Nilikitazama kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa kata, ile duara ya majani yaliyosokotwa ambayo mama zetu huiweka kichwani wanapobeba mtungi.

Nikasema, "Wanangu, mzee wenu hakuwa askari. Alikuwa mpagazi."

Mwanafunzi wangu akainamisha uso. Akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe alikuwa mbeba mizigo tu."

Hapo ndipo bibi alipojibu, na mimi sikuhitajiwa tena.

"Tu? Wewe unasema tu?" Akanyosha mkono akajigusa utosini. "Baba alikuwa na sugu hapa. Nywele hazikuota. Nikiwa mtoto nilikuwa napashika nikimuuliza nini hiki, anasema, 'Hicho kiti cha Wazungu.' Sikuelewa. Na tukitembea porini, hana mzigo wowote, utamwona anachuma majani, anasokota kata, anatembea nayo mkononi mpaka nyumbani. Mama anamwambia itupe, vita vimekwisha. Anaitupa. Kesho anasokota nyingine."

Akatulia kidogo, kisha akasema, "Walitoka kijijini kwao vijana kumi na mmoja. Walirudi watatu. Hilo alilisema mara moja tu, siku ya kumzika kaka yangu."

Chumba kizima kikanyamaza. Nje malori yalikuwa yakipita kwenda Iringa.

Inafaa tujue, ndugu msikilizaji, kwa nini vita vile vilibebwa kichwani. Nchi ya kati ya Kilosa na Ruaha ilijaa mbung'o. Farasi waliingia nao kwa maelfu na wakafa kwa maelfu, na nyumbu na ng'ombe hali kadhalika. Magari yalikwenda mpaka mvua zinyeshe, kisha yakazama katika tope. Kilichobaki kilikuwa ni binadamu, na mzigo wake ratili 50 au 60 juu ya kichwa, siku baada ya siku, kwa chakula haba alichopewa. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Wengi waliwabebea Wajerumani kwanza, kisha Waingereza wakawachukua wakawabebea wao, bila kuulizwa na huyu wala yule. Waingereza peke yao walitumia watu wapatao milioni moja. Hesabu zao wenyewe zinataja vifo vya wapagazi karibu laki moja, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Na kumbukumbu yao iko wapi? Ukienda Dar es Salaam utaona sanamu ya askari pale katikati ya mji, imesimama tangu 1927, bunduki mkononi. Maandishi yake yanawataja na wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari peke yake. Kumbukumbu kubwa ya wapagazi wa Dar es Salaam ni mahali ambapo watu wananunua nyanya na vitenge bila kufikiri. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi pale. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Mzinga wa Königsberg unatunzwa mpaka leo Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Jinja, Uganda, mwingine Pretoria. Tunaujua upana wa mtutu wake, sentimita kumi na nusu. Majina ya watu walioukokota mzinga huo kutoka Rufiji kwenda huku na huko ni nani aliyeyaandika?

Hili ndilo nililojifunza mimi mwenyewe, mwalimu mstaafu. Kwa miaka yote nimekuwa nikitambua vyombo. Nahesabu dohani, napima magurudumu, natafuta rafadha. Nikishapata jina la chombo naona kazi imekwisha. Siku ile nilitumia saa nzima kwa lori na mzinga uliofunikwa, na dakika tano kwa mwenye kaburi. Laiti bibi yule asingekuwapo, ningerudi nyumbani nikijisifu kwamba nimetatua kitendawili.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la vita vya mababu tu. Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, vina wazee walio hai, na picha zake zinazagaa katika simu kila mwezi Julai tunapowakumbuka mashujaa. Nyingi si za Kagera kabisa. Nimeona picha ya jangwani ikiitwa Mutukula. Hapo napo tazama miguu. Majeshi ya Amin yalikuwa na vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, vyenye magurudumu madogo yaliyopangwa mawili mawili. Vile vya Kirusi vya T-55 vina magurudumu makubwa matano kila upande, na pengo limeachwa kati ya la kwanza na la pili. Lakini ukishajua kifaru ni cha nani, usiishie hapo. Uliza aliyesimama kando yake ni nani, na kama yu hai mpelekee picha mwenyewe, umsikilize. Mzee akishazikwa, hakuna alama ya gurudumu itakayokwambia alichokiona.

Jumamosi tulikwenda Kilosa. Fundi alikuwa amekwisha kuchonga maneno mawili: ASKARI na ULAYA. Ukoo ukakaa chini ya mwembe kujadiliana, na majadiliano hayakuwa mafupi. Mjomba mmoja alitaka jiwe liachwe lilivyo, akasema wageni hawatajua tofauti. Mwanafunzi wangu, yule yule aliyesema "tu", ndiye aliyesimama akakataa. Alisema, "Tukiandika askari, tutakuwa tumemzika mtu mwingine."

Fundi akasugua neno la kwanza. Ilimchukua nusu siku, na hakutaka kuongezwa malipo. Neno la pili halikuwa na kosa, kwa hiyo lilibaki, likaongezwa moja tu ili msomaji asipotee kama vijana walivyopotea. Chini ya jina la mzee sasa pamesomeka: MPAGAZI. ULAYA, KILOSA. 1916.

Bibi alipofikishwa kaburini hakuomba asomewe. Alipapasa herufi kwa vidole, kisha akachuma majani pembeni ya kaburi, akayasokota taratibu mpaka yakawa duara, akayaweka juu ya jiwe.

Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa nne. Sikuisoma.

Ndugu msikilizaji, fungua sanduku lako wiki hii. Geuza picha uone nyuma yake, na umuulize mkubwa wa nyumba kabla hujaiuliza simu. Hadi wiki ijayo, kwaheri.